Mtumishi Aliyeng'oa Kabla ya Mavuno

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba bibi unayemtunza amepata nafuu ya kile kikohozi kilichokuwa kinawanyima usingizi nyote wawili. Uliponiambia kwamba siku hizi anakuita kwa jina la marehemu mdogo wake, na wewe unaitika tu ili asihuzunike, nilicheka. Lakini wifi yako aliniambia hakuna cha kuchekesha hapo. Alisema kuitika jina lisilo lako, kwa mtu ambaye kesho hatakumbuka kukushukuru, ni ibada kuliko nyimbo zangu zote. Nilikubali yaishe, maana siku hizi nikijibizana naye sishindi.

Sisi huku hatujambo, japo si sana. Watoto wako wanakula na wanakwenda shule. Mdogo ameng'oka jino la mbele, sasa kila akicheka anaziba mdomo kwa kiganja kama bibi harusi. Mkubwa amekuwa mkimya. Anafua nguo za mdogo wake bila kuambiwa, na akimaliza anakaa mlangoni kuangalia njia, na mimi nikipita hapo najifanya nina haraka. Dukani kazi ni ileile, misumari, mabomba, rangi na bawaba, na tajiri yangu bado ni yuleyule ambaye hata akipiga chafya analalamika kuwa amepata hasara.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo mfukoni. Dada, kwenye simu mimi nina sauti nzuri. Wewe mwenyewe uliwahi kusema naweza kumwuzia kipofu kioo. Safari hii nataka nikueleze jambo bila sauti yangu kunisaidia. Tena kwenye karatasi huwezi kunikatiza ukaniambia pole, na hiyo pole sitaki kuisikia kabla hujafika mwisho. Nakuomba usome yote, na usome kabla hujasaini huo mkataba mpya ulionitajia. Hilo ndilo ombi langu la kwanza.

Nianzie mbali kidogo. Mchungaji ameamua kikundi chetu cha Biblia cha Jumatano kipitie mifano ya Ufalme wa Mungu, kila mtu apewe wake aueleze. Mshonaji wa mtaa wa nyuma alipata chachu. Kinyozi alipata ile lulu ya thamani, akatangaza kwa kila aliyekaa kwenye kiti chake kwamba amepata lulu, mpaka watu wakaanza kumwomba mkopo. Mimi niliangukiwa na ngano na magugu. Nilifurahi, maana ni mfano mrefu, na mimi unanijua, penye maneno mengi ndipo kwangu.

Basi nilisimama sebuleni kwa Mchungaji, viti vimebanana hadi jikoni, nikaeleza. Nikasema mtu alipanda mbegu njema shambani, watu wakiwa wamelala adui yake akaja akamwaga mbegu za magugu akaenda zake. Vilipoota pamoja, watumishi wakamkimbilia bwana wao, mikono inawawasha, wakitaka ruhusa ya kwenda kung'oa. Bwana akawakatalia, asije mtu akavuta gugu akatoka na ngano. Viache vikue pamoja, mavuno yana wavunaji wake. Nikawaeleza kwamba magugu yale yakiwa machanga yanafanana na ngano kabisa, huwezi kuyajua mpaka suke litoke. Nikamalizia kwamba Ufalme wa Mungu ni ufalme wenye subira, na mtu asiye na subira na mwenzake bado hajaingia hata ua wake. Watu waliitikia kwa vichwa. Kwa dakika ile nilijiona askofu.

Ndipo wifi yako aliyekuwa amekaa karibu na dirisha akainua mkono kama mwanafunzi. Alisema ameelewa vizuri, ila kuna jambo moja. Je, kama kati ya watumishi wale kulikuwa na mmoja ambaye hakungoja jibu la bwana, akawa ameshang'oa tayari, na alichong'oa ni ngano, afanyeje? Kinyozi aliwahi kujibu, akasema airudishe shimoni upesi kabla hajaonwa, na aimwagie maji. Sebule nzima ilicheka. Mchungaji naye alicheka, kisha akasema kwa kweli mfano umeishia pale ulipoishia, haujasema, na yeye hatauongezea neno. Wifi yako hakucheka, alikuwa ananitazama mimi. Niliketi nikasahau hata kuomba sala ya kufunga, ikabidi mwingine aiombe.

Sasa nije kwa mumeo.

Unajua kuliko mimi alivyoacha pombe. Wewe ndiye uliyekaa naye zile wiki za kutetemeka, ukimnywesha uji kwa kijiko kama mgonjwa wa homa, na wewe ndiye uliyeniambia, siku ya kuondoka kwako, kwamba unakwenda kufanya kazi ya mbali kwa moyo mweupe kwa sababu unamwacha nyumbani mtu mzima na si chupa. Ukaniambia nimwangalie. Nilikuahidi. Nilimleta mwenyewe kwenye kwaya, nikampa joho lililobaki, fupi kidogo, miguu ikaonekana, na watu wa sauti ya nne wakamwita Mnara. Alikuwa akitoka karakana yake ya useremala na vumbi la msasa kwenye nyusi, anasimama nyuma kabisa, na kwa mwezi mzima hakuimba zaidi ya kunong'ona.

Halafu siku moja akafungua kifua. Dada, wewe umelala nyumba moja na mtu huyo miaka yote hiyo na sidhani hata wewe unajua alichokuwa amekifungia humo ndani. Kila mtu aligeuka. Mpiga kinanda alikosea vidole, na yule huwa hakosei hata akisinzia. Kuanzia siku ile, mazoezi yakawa na watu wa kusikiliza dirishani. Nilimsifu kwa mdomo wangu. Nilimsifu sana, tena mbele za watu.

Kuna wimbo wetu wa Jumapili ya wageni, ule tunaouimba makanisa jirani yakija. Unaanza na mtu mmoja peke yake, kwaya imenyamaza, kisha wengine wanaingia polepole. Tangu nishike kwaya hiyo, mwanzishaji ni mimi. Safari hii wanakwaya walinijia kwa adabu zote, wakasema wamezungumza, na wanaomba aanzishe Shemeji, ili Mwalimu nipumzike na kuongoza vizuri. Hilo neno kupumzika lilinichoma. Nikatabasamu, nikasema hilo nilikuwa nimeshaliwaza siku nyingi. Uongo mtupu. Nikarudi nyumbani nikamgombeza wifi yako kwa sababu ya chumvi.

Jumapili ikafika. Tulikuwa kwenye chumba kidogo cha nyuma, kile chenye kabati la majoho na dirisha moja lisilofunguka, tumebanana tukivaa. Shemeji aliingia wa mwisho akihema, na harufu ikaingia pamoja naye. Ilikuwa kali, ya kupanda puani. Dada mmoja wa sauti ya kwanza, yule anayejua habari za kila nyumba isipokuwa yake, alikunja pua akasema wazi kwamba humu ndani kuna mtu amekunywa, tena asubuhi yote hii. Wote wanajua mumeo alikotoka. Walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi, mwalimu wao na shemeji yake.

Naye alinitazama. Alikuwa anatabasamu kidogo, akiningoja.

Nilimwambia avue joho. Nilisema kwa sauti ya chini, ya upole, ile sauti ya watu wazuri, kwamba aende nyumbani akapumzike, mengine tutazungumza, hakuna anayemhukumu. Tabasamu lake lilikaa usoni muda kidogo likiwa halina kazi, kisha likaondoka. Alivua joho akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatokea mlango wa nyuma. Nasi tukaingia kanisani. Mimi nikaanzisha wimbo. Niliimba vizuri, Dada. Niliimba kuliko siku zote, na mchungaji mmoja mgeni alinishika mkono nje akasema nimemliza.

Mchana wake ndipo nilipokupigia simu. Unakumbuka nilivyoanza, kwamba sipendi kuwa mimi wa kukuambia. Nikakueleza habari za harufu na chumba na watu waliokunja pua. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema kama ni mimi ninayesema basi huna swali, maana wengine wangekupa umbea, lakini mimi ni ndugu yako. Kesho yake ukamwandikia mumeo ujumbe, na sijui wote ulisema nini, ila najua ulimwambia asikungoje mkataba ukiisha, na kwamba utatafuta njia ya kuwachukua watoto.

Hayo unayajua. Unajua pia kwamba baada ya ujumbe huo alikunywa kweli. Karakana ikafungwa, meza ya watu ikabaki imepakwa upande mmoja, wenyewe wakaja kuichukua kwa matusi. Nilikwenda kuwachukua watoto nikamkuta amekaa sakafuni, hakuniangalia. Watu wa kwaya walitikisa vichwa wakasema Mwalimu aliona mapema. Nami nililipokea hilo, Dada, na likanipa hata raha fulani, maana sasa hakuna ambaye angeweza kusema nilisema uongo. Jambo ambalo halikuwa kweli nililifanya likawa kweli, kisha nikapongezwa kwa kulijua kabla ya wengine.

Sasa nifike mahali ambapo mkono unakataa kuandika.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ile, mumeo alikuja dukani kwetu. Alitaka vanishi ya magamba, ile inayouzwa ikiwa vipande vikavu na kuyeyushwa kwa spiriti, na spiriti yenyewe. Nilimpimia mimi. Nilishika faneli kwa mkono wangu nikamjazia kidumu chake, na nyingine ikamwagikia kiganja changu, nikainusa mchana kutwa. Aliniambia kuna kabati la maharusi linatakiwa Jumapili mchana, na vanishi ya aina hiyo haiharakishwi, unafunga pamba ndani ya kitambaa, unapaka kidogo kidogo, inakauka, unapaka tena. Akasema ataamkia karakana na kuja kanisani akitokea huko huko. Alicheka, akasema, "Mwalimu, kesho nitanuka kama duka lenu, uwaambie wenzangu wasije wakanidhania mabaya." Nilimwambia asijali, nitawaambia.

Kwa hiyo siku ile mle chumbani, alipokuwa ananitazama akitabasamu, alikuwa anangoja nitimize hilo tu. Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Ni spiriti ya vanishi, nimempimia mwenyewe jana. Basi. Hata mtoto angeyasema. Kucha zake zilikuwa na rangi ya kahawia mpaka kwenye maungio ya vidole, nami nilikuwa naziona. Sikukosea, Dada. Watumishi wa kwenye mfano walikuwa na udhuru, maana hawakuweza kutofautisha. Mimi niliweza. Niliijua ngano, nikaing'oa kwa sababu ilikuwa imerefuka kunizidi.

Adui wa kwenye mfano alikuja watu wamelala. Mimi nilikuja mchana kweupe, nimevaa joho.

Nilikuwa najiambia nitasawazisha baadaye, wimbo ukiisha, wageni wakiondoka. Halafu nikakupigia simu, na ningeweza kusema ukweli hapo hapo, lakini nilikuwa bado nasikia sifa za yule mchungaji masikioni, na kuzirudisha kulikuwa kugumu. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya neno lile lile liwe zito zaidi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya Jumatano ile ya mfano nilimwambia wifi yako. Alikuwa anakunja nguo za watoto wako. Aliendelea kukunja mpaka zikaisha, kisha akasema nguo hizi zina kwao, na akaenda kulala chumbani kwa watoto, na bado analala huko. Nilimwambia na Mchungaji. Yeye hakunigombeza. Aliniambia kwamba swali la mke wangu hawezi kulijibu yeye wala Biblia yake, kamwulize aliyeng'olewa.

Nikaenda. Nilimkuta karakana, mlango umefungwa nusu, ameketi juu ya benchi la kazi. Hakuwa amelewa siku hiyo, ila mikono ilikuwa inatetemeka, na alikuwa ameishikilia randa ili itulie. Nilipiga magoti kwenye maranda ya mbao, na nikamweleza yote kama nilivyokueleza. Alisikiliza. Nilitegemea anipige, na kusema kweli nilikuwa natamani anipige.

Alichoniambia sijui nikiweke wapi. Alisema siku ile nilipomwambia avue joho, hakukasirika. Aliniona mimi, ninayejua habari ya spiriti, nimenyamaza, akadhani basi nimesikia harufu nyingine chini ya ile, harufu ambayo yeye mwenyewe haisikii. Alisema mtu aliyewahi kuwa mlevi hajiamini hata pua yake. Alitembea kutoka kanisani mpaka nyumbani akijinusa mikono, akijiuliza kama labda alikunywa na akasahau. Na ujumbe wako ulipofika, akajua nimekwambia na wewe umeamini, akaona basi ndivyo alivyo, kwa nini ajinyime.

Nikamwuliza kwa nini hakukujibu, kwa nini hakukueleza habari ya dukani, maana wewe ungemsikiliza. Alisema aliandika ujumbe huo mara nyingi na kuufuta. Alisema, "Dada yako ana ndugu mmoja tu. Nikimwambia ukweli, atabaki na nani?"

Dada, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwangalia. Kumbe yeye alikuwa anatuangalia sisi wawili.

Jumapili hii inayokuja, kabla ya kuvaa majoho, nitasimama mle mle chumbani niseme mbele ya kila aliyekuwepo, hasa yule wa pua iliyokunjwa, ili habari isambae haraka, kwa hilo naweza kumtegemea. Ufunguo wa kabati la majoho nimeshaurudisha kwa Mchungaji, kwaya ishikwe na mwingine. Sisemi haya ili unisifu kwa kujishusha. Nimechoka kusifiwa.

Sikuombi umrudie mumeo. Ningeomba kwa machozi, lakini amenikataza. Alisema nikuandikie kilichotokea, basi, nisikusihi, kwa sababu hataki mke wa huruma, na kwa sababu sasa amekunywa kweli na hajui kama ataweza kuacha mara ya pili. Nami sitakuficha hilo. Asubuhi nyingine anafungua karakana, nyingine hafungui. Jana alifungua. Nilipita nikamwona anapiga msasa mguu wa kiti, polepole, na watoto wako wamekaa kizingitini. Wamekwenda wenyewe, hakuna aliyewatuma.

Sikuombi pia unisamehe haraka. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mpaka uridhike, mimi nipo. Ninachokuomba ni kwamba ukikaa na karatasi za mkataba mbele yako, usiamue kwa ushahidi wangu. Shahidi wako alikuwa na kesi yake mwenyewe. Amua kwa lolote lingine unalolijua juu ya mume wako, na unayajua mengi.

Msalimie bibi, mwambie anaombewa na watu asiowajua. Mchungaji anakusalimu, kinyozi naye, ingawa bado anadai yeye ndiye mwenye lulu. Wifi yako anakusalimu kwa upendo. Ameisoma barua hii, akanifanya nikate mistari kwenye ukurasa wa pili, pale nilipokuwa nimeanza kujitetea. Ukiona wino umepigwa juu ya maneno, usijisumbue kuyasoma. Na kama kuna siku utachoka ukaitupa barua yote, hili moja ubaki nalo: Jumapili ile mumeo hakuwa amekunywa hata tone, na mimi nilijua.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniamini.